Mti wa maziwa umejaa ufukweni Manda, niukate ama niuache?

Mwenye_Mbuzi
Salaam aleikum wanajamvi, natumai nyote wazima. Nina kaploti kangu upande wa Manda, hapa Lamu, sio kule kwa mahoteli, nilikachukua nifuge mbuzi na siku moja Mungu akijaalia niweke vyumba viwili vya mawe. Sasa kuna huu mti. Miaka mitatu nyuma ulikuwa mmoja tu, pale mchanga unapoanza kupanda kutoka maji makubwa, mimi hata sikuujali. Jana nimehesabu ni thelathini na nne na sijahesabu vile vidogo.

Picha imekataa kupanda sijui ni neti ama ni simu, kwa hiyo nawaelezea. Mrefu umenipita mimi, mwingine umefika karibu mara mbili yangu. Majani makubwa kama kiganja cha mtu mzima, manene, yamekaa mawili mawili yakitazamana, na rangi yake si kijani kijani, ni kama mtu ameyapaka chokaa, ukisugua kwa kidole ule weupe unatoka unaona kijani chenyewe chini. Gome la chini limepasukapasuka ukilibonyeza ni laini kama kizibo cha chupa. Ukivunja jani tu, hata kijiti, maziwa yanatiririka meupe pe, yaani ni kama umekamua mbuzi, na yakikauka mkononi yananata kama gundi. Maua meupe yenye ncha za zambarau. Halafu lile tunda sasa, linafanana na embe bichi, mara nyingi yako mawili pamoja (msinicheke, mnajua yanafanana na nini), ukilikanyaga linalia PAH, ndani hamna nyama, ni hewa.

Na mbuzi wangu hawali. Hawa mbuzi wamekula leso ya mke wangu kwenye kamba, wamekula maboksi, mmoja alikula nusu ya leseni yangu ya boti, lakini huu mti wanaupita kama haupo.

Maswali yangu ni kwamba je una sumu, manake watoto wanacheza mpira na yale matunda. Pili, kuna fundi ananiambia nimpe siku mbili afyeke vyote atie moto. Na nyumbani bibi yake mke wangu amesikia habari ya kuchoma amekasirika ananiambia ule ni dawa, nikiukata nitamtafuta nikiumwa magoti. Niukate ama niuache?

Kobe_wa_Hola
Hio ni tunguja bro. Choma.

Mwenye_Mbuzi
Si tunguja. Tunguja naijua, ina miiba na vitunda vya manjano vya mviringo vidogo na haitoi maziwa. Huu hauna mwiba hata mmoja.

Kobe_wa_Hola
Basi mnyaa.

Mwenye_Mbuzi
Mnyaa una majani ya upana wa kiganja wapi wewe 😂

Bi_Zuwena_Maskati
Mwanangu nimesoma maelezo yako mpaka mwisho na nimeuona mti kama vile niko chini yake. Huku Oman umejaa, ukitoka Maskati kwenda Batina uko kando ya barabara, uko kwenye mabonde, mahali ambapo hata nyasi zimekata tamaa wenyewe umesimama na maua. Huku wanauita shakhar, na Waarabu wengine wanasema ushar. Mimi nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, nikaja huku bado msichana, kwa hiyo jina la Kiswahili nililoshika ni mpamba mwitu, ingawa najua mpamba mwitu watu huita miti zaidi ya mmoja, kila kitu kikitoa pamba porini basi kimeshapata jina.

Hilo tunda ukingoja likomae likapasuka lenyewe utaona kwa nini pamba. Usilikanyage, lipasue taratibu kwa vidole ukiwa umevaa kitu mkononi. Ndani mbegu zimepangwa zikilaliana kama magamba ya changu, za kahawia, bapa, na kila mbegu ina kishungi chake cha nyuzi nyeupe zinang'aa kama hariri. Upepo ukipita hazirudi tena. Ndiyo maana ulikuwa na mmoja sasa una thelathini na nne.

Babu yake mume wangu alikuwa akitueleza kwamba zamani mkaa wa mti huu ndio walikuwa wakitengenezea baruti za bunduki, sababu ni mwepesi na unashika moto haraka. Mbao yake haina kazi nyingine, hata kuni ni za masikini. Na bibi yako hajasema uongo wa magoti, hata huku wazee hulipasha jani juu ya makaa, wanalipaka mafuta kidogo, wanalifunga gotini usiku. Linatuliza, nimeliona kwa macho yangu. Lakini ni jani lililopashwa, maziwa yenyewe hatuyagusi, na watoto usiwaache kabisa wachezee, tena kabisa.

Seremala_Malindi
Bi Zuwena hapo kwenye maziwa umegusa kidonda changu, ngoja nieleze manake naona kaka hapa anataka kuingiza fundi na panga.

Mimi yalinipata mwenyewe mwaka juzi. Tulipewa kazi ya kusafisha ploti karibu na bahari, miti hio hio, mimi nikasema hii ni laini nitamaliza kabla ya adhuhuri. Na kweli ni laini, panga linaingia kama kwenye papai. Sasa kila unapokata inarusha. Tone likaingia jicho la kulia. Nikapangusa na mkono wa shati nikaendelea. Sikilizeni hapa, HAIKUUMA. Ule utomvu wa mnyaa ukikuingia jichoni unapiga kelele mpaka mtaa wa pili wanajua, huu iliwasha kidogo kama sabuni halafu ikapoa, nikajua imeisha. Nikala, nikaswali, nikapanda boda nikarudi nyumbani.

Jioni nikaangalia taa ya mlangoni naona ina duara za rangi kuizunguka kama upinde wa mvua. Nikasema ni uchovu. Asubuhi naamka jicho la kulia lote ni ukungu, kama kioo cha gari mvua ikinyesha watu wamejaa ndani. Naona kuna mtu lakini simjui ni nani. Na bado haiumi! Hapo ndio niliogopa.

Mama jirani akaja na ushauri wa kutia maziwa ya mama mzazi, ndio dawa yetu ya macho huku pwani sote tunajua, nikatiwa. Wapi. Nikaenda zahanati moja (siitaji), yule kijana wala hakuniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, akaangalia na tochi ya simu akasema jicho jekundu hili linaambukiza, akanipa tyubu ya kupaka, rudi baada ya wiki. Siku ya tatu mke wangu ndiye alinivuta kwa nguvu mpaka Mombasa kwa daktari wa macho mwenyewe. Huyo alinikalisha kwenye ile mashine ya taa unaweka kidevu, akauliza swali la kwanza kabisa: ulikata mti gani? Nikamweleza, akasema kile kioo cha mbele cha jicho kimevimba maji, maziwa ya mti yamepita mpaka tabaka la ndani ambalo kazi yake ni kupiga pampu maji yasikae mle. Na kwamba haikuuma sababu maziwa yenyewe yanatia ganzi. Akanipa matone, mengine kila saa, na kunionya nisije nikayanunua mwenyewe dukani siku nyingine manake yana madhara yake kwa jicho ambalo halihitaji. Wiki mbili ukungu ukaondoka.

Naona vizuri sasa alhamdulilahi. Lakini aliniambia zile seli za ndani zilizokufa hazioti tena, zilizobaki ndio zinafanya kazi ya zote, kwa hiyo nikizeeka jicho lile nilichunge.

Kwa hiyo ikimwingia mtu, maji. Maji safi mengi, robo saa nzima bila kuhurumia, kope umezifungua kwa vidole, halafu daktari wa macho siku hiyo hiyo hata kama haumwi. Usingoje maumivu.

Mwenye_Mbuzi
Subhanallah. Kaka pole sana. Nimeinuka hapa nilipokaa nimekwenda kumwambia mama watoto watoto wasiende upande ule mpaka nirudi.

Mwl_wa_Viumbe
Poleni na hongereni kwa uzi mzuri, nimeuona nikiwa nasahihisha mitihani nikaacha. Mimi nafundisha bayolojia Kilifi, na huu mti nina ugonjwa nao.

Kwa maelezo ya Mwenye_Mbuzi, petali zimesimama na ncha za zambarau, huo ni Calotropis procera. Una ndugu yake mkubwa, Calotropis gigantea, maua yake makubwa zaidi, petali zimejikunja kurudi nyuma na katikati pana kama taji, huo kwao hasa ni India na huko kusini mashariki mwa Asia, na watu wanaupanda kwa ajili ya maua. Jina hilo la Calotropis ni Kigiriki, na nyie watu wa Lamu mtalipenda: kalos ni -zuri, tropis ni mkuku wa chombo, ule mti wa chini kabisa unaobeba jahazi. Mkuku mzuri! Mtaalamu wa mimea aliyelitoa, Robert Brown, mwaka 1810, sijui aliona nini kwenye lile ua lakini ndivyo alivyoliita.

Sumu ipo, tena si ya mchezo. Ndani ya maziwa kuna kemikali za jamii inayopiga moyo, zinazuia ile pampu ya chumvi kwenye seli, na nadhani ndiyo maana hata jicho la Seremala lilijaa maji, ni pampu hiyo hiyo. Uko katika familia moja na mti waliokuwa wakichemsha Wawata na Wagiriama kupata sumu ya mishale ya tembo. Mtu akila anaweza kutapika, moyo ukaenda mrama, akafa. Kwa hiyo mpira wa matunda uishe leo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Umesema miaka mitatu nyuma ulikuwa mmoja na mbuzi hawaugusi. Ndugu yangu, mti huo umeupanda wewe. Usikasirike. Fikiria, mbuzi wako wamekula kila kilichoota pale, nyasi, vichaka, miche michanga, wameacha mchanga mtupu na mti mmoja ambao hawaupendi. Mbegu ikianguka haina wa kushindana naye, jua lote lake, maji yote yake. Wataalamu wa malisho popote wanapouona umesongamana, Sudan huko, Uarabuni, hata Australia ambako ulikuja ukaenea kaskazini kote, jambo la kwanza wanalouliza ni mifugo mingapi imepita hapa. Ukikata yote thelathini na nne na ukabaki na mbuzi wale wale, mwaka kesho utahesabu hamsini.

Mwenye_Mbuzi
Mwalimu umenichapa viboko mbele ya watu 😅 lakini ni kweli. Nilianza na mbuzi wanne sasa ni kumi na tisa.

Mwl_wa_Viumbe
Samahani sana ndugu, ni mazoea ya darasani.

Lakini nenda kesho asubuhi kaangalie majani upande wa chini utafute kiwavi. Ana mistari, mweusi, mweupe na manjano, na ana vipembe vyeusi jozi tatu mgongoni, laini, ukimgusa anavichezesha. Ukimkuta usimuue. Huyo ni mtoto wa yule kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, anayeruka polepole kama hana haraka na dunia. Na kweli hana, sababu akiwa kiwavi amekula ile sumu akaiweka mwilini, ndege akimmeza atatapika na hatarudia. Tuna na wengine huku kwetu ambao ncha ya bawa haina hata ule weusi, ni machungwa mtupu. Halafu kuna kipepeo mwingine kabisa, jike lake limejigeuza rangi likafanana na huyu mwenye sumu nukta kwa nukta, wakati dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe, ukiwaona pamoja huwezi kuamini ni mke na mume. Jike halina sumu yoyote, linatembelea jina la mwenzake tu.

Utaona pia vidukari vya manjano vimejipanga kwenye ncha changa. Na kwenye maua utamkuta yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti, huyo ndiye bwana harusi. Chavua ya mti huu haiko kama unga, imefungwa vifurushi viwili viwili vimeunganishwa na kibanio. Nyuki akikanyaga mguu wake unateleza kwenye mwanya, akiuvuta unatoka na vifurushi vimening'inia. Niliwahi kumshika mmoja kwenye glasi nikamwangalia kwa lenzi, miguu yake ilikuwa kama ya mtu aliyepita kwenye nyasi zenye mbegu za kunasa.

Fundi_Chombo
Mwalimu hapo kwa mkuku mmenimaliza, mie hapa Matondoni nimeuona mti huu toka nina akili na sikujua kama una jina la sehemu ya chombo. Kesho nitawambia vijana.

Mie nitasema la kamba. Mzee mmoja wa Faza, sasa ni marehemu Mungu amrehemu, alinionesha. Unakata fimbo iliyonyooka ya mwaka mmoja, unaiacha ikauke mai yatoke yale maziwa yafe, halafu unapiga polepole na gongo gome linaachana na mti, ndani ya gome muna nyuzi nyeupe ndefu. Hizo ukisokota zinatoka uzi, na mzee alikuwa akinambia kabla ya nailoni ndio mshipi alovulia babake. Nilivuta kwa mikono yangu miwili ukanikata kidole haukukatika wenyewe. Ila siku hizi nani atasokota, dukani roli moja la nailoni bei ya chai na mahamri.

Kuna kijana aliniuliza ile pamba ya tunda haifai kwa kalafati, kuziba mianya ya mbao za chombo? Haifai. Nilijaribu. Pamba ya kawaida ukiitia mafuta ukaipiga kwenye mshono inashikana, hii ni utelezi mtupu, nyuzi hazishikani, unapiga inatoka upande mwingine. Kwa mito sawa, kama usufi.

Na mtanga ule wa mbele kabisa wa bahari usiuvue nguo ndugu. Wewe wauona ni mti wa maziwa tu, lakini mizizi yake ishashika chini sana. Hapa Amu mai tunwayo yatoka kwenye vilima vya mtanga vya Shela, kila mtu ajua, mtanga ni mali. Mato yako yasiangalie mbuzi peke yake.

Baharia_Mkisauni
Aiseee nimecheka kwa furaha nilivyosoma hii. Mimi nafanya kazi kwenye meli za watalii, jikoni, miezi tisa bahari miezi miwili nyumbani. Mara ya kwanza tulivyotia nanga Willemstad pale Curaçao, huko Karibi, nikashuka nitembee mbali kidogo na maduka, nikafika mahali pwani ni mawe ya matumbawe na mchanga na upepo, na nini kimesimama pale? Huo huo! Na ule wa kwanza niliouona ulikuwa na mbuzi pembeni wanaupita vilevile kama wako. Nikajihisi niko nyumbani mpaka nikapiga picha nikamtumia mama. Mama akajibu umelipwa kusafiri dunia nzima unanitumia picha ya mpamba mwitu.

Kule haukuwako zamani, ulipelekwa tu, kwao hasa ni huku Afrika, Uarabuni mpaka huko Bara Hindi. Na sasa umekuwa kama wa kwao, visiwa vingi vya upande ule nimeuona, ile pwani kavu.

Hawaii ndio nimeuona ule wa maua makubwa mwalimu anaosema. Wanatunga maua yake kwenye mashada ya kuvaa shingoni, Honolulu pale wanauza, na mzee muuzaji aliniambia malkia wao wa mwisho, Liliuokalani, ndilo lilikuwa ua lake analolipenda. Mti wa sumu kwa mbuzi, ua la malkia, haya.

Na ya usufi Fundi amesema kweli zaidi ya anavyojua. Kwenye mafunzo ya usalama wa meli mwalimu wetu alitueleza zamani jaketi za kuelea zilijazwa usufi uliokuwa ukitoka Java, vita vya pili Wajapani wakaichukua Java 1942, Wamarekani wakakosa usufi, wakawatuma watoto wa shule mashambani wakaokote matunda ya mmea wao wa maziwa, sio huu, ni ndugu yake mdogo wa nchi za baridi, pamba yake ikajazwa kwenye majaketi. Nyuzi zile ni tupu ndani na zina nta kwa hiyo hazinyonyi maji.

Dada_wa_Makupa
Nyinyi mnaongelea sumu mimi nakumbuka utoto. Jirani yetu Mhindi alikuwa nao uani umepandwa kabisa kwenye pipa, akiumwagilia. Kila Jumamosi asubuhi mama yake anatoka na sahani, anachuma majani na maua, anatunga shada la kumpelekea Hanumani hekaluni. Wao wanauita aakdo. Sisi watoto tulikuwa tunakatazwa kusogelea lile pipa, tulidhani ni sababu ya mungu wao kumbe ni sababu ya macho yetu.

Kobe_wa_Hola
Kwa hio si tunguja

Mwl_wa_Viumbe
Kobe nikutetee kidogo, kosa lako lina historia. Vitabu vya Kizungu vimewahi kuviita vyote viwili, tunguja na huu, tufaha la Sodoma. Josephus, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, aliandika habari ya matunda ya upande wa Bahari ya Chumvi yenye rangi kama ya kuliwa, ukiyachuma kwa mkono yanageuka moshi na majivu. Wengi wanaona alikuwa anausema mti huu. Ukikumbuka ile PAH ya Mwenye_Mbuzi utaelewa.

Kobe_wa_Hola
Nimesamehewa na Josephus basi 😎

Mwenye_Mbuzi
Wanajamvi nimerudi, asanteni sana, sikutegemea majibu mengi hivi, nilidhani nitaambiwa kata nimalize.

Leo nimevuka na boti ya saa moja asubuhi nikiwa na binti yangu mkubwa, ana miaka kumi na moja, nimemvalisha miwani yangu ya jua imemfika mdomoni. Tumetafuta chini ya majani. Mti wa nne tumemkuta! Mistari kama mwalimu alivyosema na vipembe jozi tatu, binti amevihesabu kwa sauti. Alikuwa anakula, na nimeona jambo moja, kabla ya kula alikuwa amekata ule mshipa wa katikati wa jani nusu, maziwa yametoka pale yamekauka, halafu ndio anakula mbele ya pale. Mwalimu hii ni kawaida?

Jambo la pili, yale majani makavu yaliyoanguka chini, mbuzi wawili nimewaona kabisa wanayala. Mabichi hawagusi. Hawajafa mpaka jioni hii.

Uamuzi wangu ni huu. Iliyo mbele ya bahari sigusi, Fundi_Chombo nimekusikia. Iliyo karibu na njia na pale watoto wanapocheza itaondoka, ni kama kumi na mbili. Mbuzi nitapunguza baada ya Idi, sita watakwenda. Na bibi nimemwambia nimemwachia miti ishirini na mbili ya magoti amefurahi ameniombea dua ndefu mpaka nimechelewa adhuhuri. Sasa swali, hio kumi na mbili nafanyaje? Yule fundi wangu wa kufyeka bado anataka moto.

Mwl_wa_Viumbe
Ndiyo, wengi wao hufanya hivyo! Anakata bomba kwanza maziwa yasimjae mdomoni yakamgandisha. Mwambie binti ameona kitu ambacho wanafunzi wangu wa kidato cha nne hawajakiona.

Moto hapana. Moto unaunguza juu, mzizi uko chini salama, mvua ikija kila kisiki kinatoa matawi matano. Panga nalo hivyo hivyo, ukikata tu umeupogoa. Midogo iliyo chini ya magoti ing'oe kwa mkono mchanga ukiwa na unyevu, inatoka na mzizi wake. Mikubwa ichimbe kwa jembe, ukate mzizi chini kabisa, na matunda yakusanye kabla hayajapasuka uyafukie. Usisahau kurudi baada ya mvua, mingine itachomoza.

Bi_Zuwena_Maskati
Na hayo majani makavu usiwazoeze mbuzi ukawapa ndiyo chakula chao. Huku mbuzi wakati wa ukame huyaokota kidogo kidogo, lakini ni shida ndiyo inawapeleka. Binti mpe salamu zangu.

Seremala_Malindi
Mimi narudia langu moja. Anayechimba avae glavu na miwani ya kufunga pembeni, sio hio ya jua. Na ndoo ya maji safi iwe pale pale alipo, sio nyumbani, maji ya kisima ukiyafuata tayari umechelewa. Manda najua maji ni taabu, beba.

Mwenye_Mbuzi
Nimebeba madumu mawili. Fundi anauliza miwani ya kuchomelea vyuma inafaa?

Seremala_Malindi
Kama kioo chake cheusi kinatoka kikabaki cheupe, inafaa. Akivaa na cheusi atakata mguu wake.